Jinsi ya kuzifuata ligi za besiboli za msimu wa baridi ukiwa huku kwetu, Oktoba mpaka Februari

Kila mwaka World Series, yaani fainali ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ikishaisha, kule mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, naona wadau wanaagana "tuonane Machi" kama vile besiboli imezimwa swichi. Jamani, mpira umehama nyumba tu. Uko Santo Domingo, uko Caracas, uko San Juan, uko Hermosillo, unapigwa mbele ya watu wenye ngoma na matarumbeta ambao hata kukaa hawakai, na hizi ni ligi kamili zenye ubingwa na utani wa jadi na wazee wanaolia timu yao ikifungwa. Mi nilianza kuzifuata Januari 2019 nikiwa zamu ya usiku mapokezi hotelini, nikaingia kichwa kichwa bila mtu wa kunielekeza, msimu uliofuata nikaumaliza wote nachanganya siku, saa na majina ya timu. Haya ninayoandika ndo ningependa mtu angeniambia wakati ule.

Na neno baridi lisikuchanganye, baridi iko Marekani ndo maana viwanja vya kule vimefungwa, huko Karibi watu wanaangalia mechi na fulana.

Hatua ya 1: chagua ligi moja, usizifuate zote

Za kule Karibi na jirani zake kubwa ni nne. Kuna LIDOM ya Jamhuri ya Dominika, timu 6. Kuna LVBP ya Venezuela, timu 8, ipo tangu 1945, na Leones del Caracas dhidi ya Navegantes del Magallanes ndo mechi inayosimamisha nchi. Kuna LMP ya Meksiko, ile ya upande wa Pasifiki. Afu kuna ya Puerto Rico ambayo ilianza 1938 na tangu 2012 inaitwa kwa jina la Roberto Clemente, yule aliyekufa tarehe 31 Desemba 1972 ndege ilipoanguka akiwa anapeleka misaada kwa watu waliopigwa na tetemeko la ardhi Nikaragua. Nje ya hizo kuna Australia, ambayo kwao ni kiangazi, na kuna Arizona Fall League.

Ushauri wangu, anza na LIDOM. Timu 6 unazishika kichwani jioni moja, na hakuna nchi ya kigeni inayopeleka wachezaji wengi MLB kama Jamhuri ya Dominika, kwahiyo majina mengi utakuwa ushayasikia. Venezuela ni tamu sana ila timu ni nyingi na mwanzoni utapotea, iweke mwaka wa pili.

Arizona naipitia haraka maana sio ya kushabikia. Ni timu 6, ilianzishwa 1992, inaanza Oktoba na inaisha katikati ya Novemba, timu za MLB zinapeleka huko vijana wao wanaotegemewa ili wakomae, na viwanjani watu ni wachache. Lakini ina mambo yake, Michael Jordan alipoacha kikapu akaenda besiboli alicheza huko 1994 na Scottsdale Scorpions, wastani wake wa kupiga ukawa .252, na ile saa ya kumbana mrushaji asichelewe iliyoanza MLB 2023 ilijaribiwa Arizona tangu 2014. Ukitaka kujua nani atakuja juu miaka miwili ijayo, soma matokeo yake asubuhi, usikeshe kwa ajili yake.

Hatua ya 2: chukua timu, na uichukue kwa moyo

Hapa watu wengi wanakosea, wanasema "mi naangalia tu besiboli nzuri". Ligi ya usiku wa manane haiangaliki hivyo, bila timu yako utalala iningi ya tatu, na iningi (zamu ya kila timu kupiga) ziko tisa. Kwahiyo chagua.

Tigres del Licey, bluu, wa Santo Domingo, wapo tangu 1907, na mpaka 2024 walikuwa na mataji 24. Leones del Escogido, wekundu, wa Santo Domingo hao hao, walizaliwa 1921, na jina Escogido maana yake ni aliyechaguliwa, kwasababu walichagua wachezaji kutoka klabu tatu wakaunda timu moja ili tu wamfunge Licey. Umeelewa hapo? Klabu nzima imeundwa kwa ajili ya mtu mmoja kufungwa. Na hao wawili wanatumia uwanja mmoja, Estadio Quisqueya, uliofunguliwa 1955, siku hizi umeongezewa jina la Juan Marichal, mrushaji wao nguli wa zamani. Mtu wa Simba na Yanga anayejua maana ya kugombania "leo nani mwenyeji" kwa Mkapa hahitaji maelezo zaidi, hiyo ni Kariakoo kabisa ila kwa rungu na glavu.

Águilas Cibaeñas, njano, wa Santiago, mji wa pili kwa ukubwa, bonde la Cibao. Hao ndo wanaobeba hasira ya mikoani dhidi ya mji mkuu, Licey na Águilas wakikutana ratiba yote nyingine inafifia. Gigantes del Cibao wako San Francisco de Macorís, Toros del Este wako La Romana, hao ni timu changa kidogo kwa wengine na ni timu nzuri, sina la kuwaongezea.

Afu kuna yangu, Estrellas Orientales, kijani, nembo tembo, wa San Pedro de Macorís. Huo mji ni mji wa miwa. Viwanda vya sukari vilizungukwa na makambi ya wakata miwa, na watoto wa makambi yale walicheza besiboli kwenye viwanja vya vumbi mpaka mji mdogo namna ile ukatoa Sammy Sosa, Alfonso Soriano, Robinson Canó, Tony Fernández na Fernando Tatis Jr. Nilipoisoma hiyo nikakumbuka Lugazi, Uganda, maana nayo ni mji wa sukari, na ndo vijana wa Lugazi waliokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, wakamfunga Gresham wa Oregon 3-2. Miwa na besiboli mara mbili, pande mbili za bahari. Basi mi nikawa wa kijani siku hiyo hiyo.

Na Estrellas walichukua ubingwa 1968, wakakaa miaka 51 bila kitu, mpaka Januari 2019, kocha akiwa Fernando Tatis baba na mwanae akiwa kikosini. Ule usiku nilikuwa kaunta peke yangu, mgeni mmoja akashuka kuomba maji akanikuta nimesimama mikono kichwani. Sikuwa hata naelewa Kihispania, nilielewa tu sauti ya mtangazaji inakatika.

Hatua ya 3: saa, soma hapa taratibu

Hii ndo iliniua mwaka wa kwanza kwahiyo nitakaa nayo.

Jamhuri ya Dominika, Puerto Rico na Venezuela wote wako nyuma yetu masaa 7, namaanisha Tanzania, Kenya na Uganda, na msimu mzima haibadiliki. Mechi nyingi za katikati ya wiki zinaanza kwao 7:15 au 7:30 p.m. Ukijumlisha 7 unapata 2:30 usiku wa manane, afu unaanza kugeuza kwenda saa ya Kiswahili, unatoa 6, na ukiwa na usingizi unakosea. Sasa angalia njia ya mkato, unaongeza 7 unatoa 6, si imebaki moja? Basi chukua namba yao ongeza 1 tu, hiyo ndo saa ya Kiswahili. Kwao 7:30, kwetu saa nane na nusu usiku. Jumapili wanapocheza mapema 5:00 p.m., kwetu saa sita usiku. Wakianza 4:00, saa tano usiku, hiyo unaangalia na familia bado macho.

Mlioko Bukavu, Goma, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura nyie mmependelewa kabisa, mko nyuma yetu saa moja kwahiyo hamuongezi chochote, 7:30 yao ni saa saba na nusu yenu, mnaisoma tu kama ilivyoandikwa. Mlioko Muscat ongezeni 2, inakuwa saa tisa na nusu, karibu na daku.

Ukihamia ligi ya Meksiko inategemea mji. Sinaloa na Sonora, yaani Culiacán, Mazatlán, Hermosillo, Obregón, unaongeza 4, mechi ya 7:00 ni saa kumi na moja alfajiri, na hii kwa mtu anayeamka kuswali au kuwahi daladala ni saa nzuri kuliko zote, unapata iningi nne tano kabla hujatoka. Guadalajara unaongeza 3. Arizona ni 4 kama Sinaloa. Australia ndo kinyume, mechi ya saa moja usiku Perth inakukuta saa nane mchana, ya Brisbane saa sita mchana, hiyo ni ya mtu asiyeweza kukesha kabisa na sio dhambi.

Kitu cha pili ni siku. Ratiba ikisema "sábado 7:30 p.m." hiyo kwako ni alfajiri ya Jumapili. Mi nimewahi kukesha usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi nikisubiri mechi ya Jumamosi, nimekaa mpaka saa tisa naangalia skrini tupu nikidhani mvua inanyesha kule. Tangu hapo naandika kwenye kalenda ya ukutani kwa siku YETU, sio yao, na kila Jumatatu asubuhi naandika wiki nzima kwa kalamu. Fanya hivyo. Alamu ya simu iite dakika kumi kabla, na usikeshe kuisubiri mechi, lala saa tatu usiku uamke saa nane, mwili unazoea ndani ya wiki moja, ila kukesha moja kwa moja unaweza siku mbili tu ya tatu unaumwa.

Na sio lazima kila mechi. Timu inacheza 50 kwenye msimu wa kawaida, anayezisikiliza zote hana kazi. Mi nachukua mbili kwa wiki moja kwa moja, zilizobaki nasoma asubuhi.

Hatua ya 4: bando na njia ya kuipata mechi

Kuna njia tatu, nakupa kuanzia ya bei rahisi.

Ya kwanza ni jedwali linalojijaza lenyewe, mpira kwa mpira. Programu ya MLB kwenye simu, ile ya bure, inafuatilia na hizi ligi za baridi, na kila ligi ina tovuti yake yenye ratiba na msimamo. Hii inakula bando kidogo mno, hata mtandao wa kusuasua unatosha. Wengi wanaidharau lakini besiboli ndo mchezo unaosomeka kuliko michezo yote, mpira mmoja, kituo, mpira mwingine, kituo, unaweza kuuona kichwani.

Ya pili ni redio ya mtandaoni, na hii ndo naipenda. Vituo vya redio vya Santo Domingo vinarusha mechi. Redio ya kawaida ya kbps 64 inakula kama MB 29 kwa saa, mechi ya masaa matatu na nusu ni kama MB 100 tu, piga hesabu mwenyewe na bando lako la usiku. Weka spika ya sikio moja, taa zima, funga macho. Unasikia ngoma, unasikia muuza vitu anapita, unasikia rungu linavyolia mpira ukigongwa katikati, afu mtangazaji anavuta pumzi, hiyo pumzi ndo inakuambia mpira umeenda mbali kabla hajasema neno.

Ya tatu ni video. Kuna misimu mechi zinaonyeshwa kwa kulipia, na vipande vya matukio vinawekwa YouTube asubuhi yake. Video inameza bando mara kumi ya redio na zaidi, kwahiyo mi video naiweka kwa fainali peke yake. Afu nunua bando kabla ya iningi ya saba, naomba unisikilize hapa, fainali ya Januari 2025 mechi ya saba, Escogido na Licey, 5-5, iningi ya tisa, bando langu likakata. Najaribu kununua, salio halitoshi, saa kumi na moja alfajiri hakuna duka. Nilipopata mtandao asubuhi ndo nikakuta Junior Caminero, kijana wa miaka 21, kapiga homrani (pigo la kutoa mpira nje ya uwanja) ya pointi moja, 6-5, Escogido bingwa, na kocha wao alikuwa Albert Pujols mwenyewe, staa wa zamani wa MLB. Nimeiangalia ile video labda mara arobaini, rungu linarushwa juu utadhani halitarudi, lakini sikuwepo, na kuwepo ndo kila kitu kwenye hizi mechi.

Hatua ya 5: Kihispania cha ubao, maneno ishirini yanatosha

Usiogope lugha. Ubao unaandika C, H, E, yaani carreras ambazo ni pointi, hits ambazo ni mapigo safi yanayomfikisha mpigaji kwenye besi, na errores ambazo ni makosa. Msimamo unaandika JJ mechi zilizochezwa, JG za kushinda, JP za kupoteza. "Entrada" ni iningi. "Lanzador" ni mrushaji, "receptor" ni mdakaji, "bateador" ni mpigaji. "Jonrón" ni homrani na utaijua tu maana mtangazaji anaivuta kama muadhini. "Ponche" ni mpigaji kutolewa kwa straiki tatu, yaani kushindwa mara tatu kuugonga mpira mzuri, sio kinywaji. "Bases llenas" besi zote tatu zina watu, hapo amka kabisa. "Pospuesto" imeahirishwa, na "lluvia" ni mvua, ukiona hayo mawili pamoja rudi kulala. "Refuerzo" ni mchezaji wa kuongezea nguvu, nitaeleza chini. "Importado" ni mgeni kutoka nje, mara nyingi mrushaji Mmarekani. Na "dejó en el terreno", kwa neno kwa neno ni "kamuacha uwanjani", ni mwenyeji kushinda kwenye pigo la mwisho na mgeni akabaki amesimama pale pale, mi naona lugha yetu ingelipenda sana hilo.

Namba jifunze mpaka kumi. Basi.

Hatua ya 6: daftari

Nunua daftari la hesabu lile la vyumba vyumba. Wachezaji wa ulinzi wana namba zao: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotstopu (anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu) 6, kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Mtangazaji akisema mpira umekwenda kwa shotstopu, kaenda besi ya pili, kaenda ya kwanza, we unaandika 6-4-3 na umeshajua wawili wametoka. Kuandika kunakuweka macho kuliko kahawa, na mechi ya tatu utashangaa unaelewa redio ambayo juzi ilikuwa kelele tu. Ukiwa na daftari la misimu miwili mitatu una historia mkononi ambayo huku kwetu labda hana mwingine.

Hatua ya 7: jua kila mtu kafuata nini pale uwanjani

Hii ndo inayofanya hizi ligi ziwe na utamu wake, kwahiyo usiiruke. Kwenye kikosi kimoja utakuta watu wa aina nne. Kuna kijana wa miaka 20 ambaye timu yake ya Marekani imemruhusu acheze apate uzoefu, huyo anapigania jina. Kuna mkongwe wa miaka 36 ambaye hana mkataba, anajua maskauti, wale wasaka vipaji, wako jukwaani, kila pigo kwake ni barua ya kuomba kazi. Kuna wageni, hasa warushaji, wamekuja kutafuta hela na nafasi, na kocha akichoka nao wiki mbili wanarudishwa na wengine wanakuja. Afu kuna staa wa MLB, milionea, ambaye hahitaji hata senti, kaja kwasababu huo ndo uwanja aliokuwa anakwenda na babake akiwa mdogo.

Ndo maana vikosi vinabadilika kila wiki. Oktoba na Novemba mastaa hawapo, wanapumzika au timu zao zimewazuia, maana timu ya MLB ina haki ya kumzuia mchezaji aliyetumika sana kwenye msimu. Mwanzo wa Desemba wanaanza kuingia mmoja mmoja. Kwahiyo usimkatie tamaa tembo wako akiwa wa mwisho Novemba, na usishangilie sana akiwa wa kwanza, angalia nani anakuja Desemba. Kila Jumatatu nikishaandika ratiba naandika na majina mapya walioripoti, dakika tano tu.

Na kuna la zamani ambalo sipendi lisahaulike. Kabla ya 1947 mtu mweusi Marekani alikuwa haruhusiwi kucheza ligi kubwa, anacheza ligi za watu weusi kiangazi, na ikifika baridi anapanda meli kwenda Karibi ambako anacheza na yeyote, analala hoteli yoyote, anashangiliwa barabarani. Josh Gibson, ambaye hakuwahi kuruhusiwa hata siku moja kukanyaga ligi kubwa, alikuwa mchezaji bora Puerto Rico msimu wa 1941-42 akiwa na timu ya Santurce. Willard Brown alipelekwa St. Louis Browns, timu ya ligi kubwa, 1947 wakamtumia kidogo wakamuacha, akaenda Puerto Rico baridi hiyo hiyo akapiga homrani 27 kwenye msimu wa mechi 60, wakambandika jina Ese Hombre, yaani Yule Mtu. Basi mtu akikuambia hizi ni ligi za kujifurahisha tu, mkumbushe hao. Kwao hii ndo ilikuwa ligi kubwa.

Hatua ya 8: Desemba mwishoni mchezo unageuka

Msimu wa kawaida LIDOM unaanza katikati ya Oktoba, kila timu inacheza na mwenzie mara 10, jumla 50, unaisha kabla ya mwaka mpya. Wawili wa chini wanatoka. Wanne wanaobaki wanaingia round robin, wenyewe wanaandika "todos contra todos", kila mtu dhidi ya kila mtu, mechi 18 kwa kila timu, wawili wa juu wanakwenda fainali.

Kabla ya hapo kuna siku moja ya kuangalia kwa makini, sorteo de refuerzos, siku ya kugawana. Wale wanne wanachagua kwa zamu wachezaji kutoka timu mbili zilizotoka. Yaani mtu uliyemchukia miezi miwili anaamka kesho amevaa jezi yako. Na kabla ya fainali wanachagua tena. Siku hiyo chukua ukurasa mpya wa daftari uandike vikosi upya maana ulivyokuwa unavijua vimekufa, ukiruka hii utasikiliza Januari nzima ukiuliza huyu ametokea wapi.

Kama timu yako imetoka, hama na mchezaji wako. Mi Estrellas wakitoka naangalia nani kachukuliwa na nani, namfuata yule mtu mmoja, sio timu. Hakuna anayekulaumu, hata San Pedro wanafanya hivyo.

Januari weka nguvu zako zote huku. Kama una likizo ya kuomba, omba wiki ya fainali.

Hatua ya 9: Serie del Caribe

Mwanzoni mwa Februari mabingwa wa kila nchi wanakutana mji mmoja, wiki moja hivi. Ilianza 1949 Havana, ikasimama baada ya 1960 maana serikali ya Kuba ilifuta besiboli ya kulipwa, ikarudi 1970, Kuba wenyewe wakarudi 2014 na 2015 wakaichukua. Bingwa anaongeza wachezaji wa timu nyingine za nchi yake, kwahiyo anaitwa kwa jina la klabu lakini nchi nzima iko nyuma yake, Licey akienda hata mtu wa Águilas anamshangilia, kwa wiki hiyo moja tu.

Usidharau wadogo. Panama 2019 waliletwa kuziba nafasi na kuwa wenyeji, wakabeba kombe. 2024 kule Miami, Ángel Padrón wa Tiburones de La Guaira ya Venezuela alirusha iningi zote 9 Nikaragua wasipate hata hiti moja, kitu ambacho kwenye mashindano hayo kilikuwa kimetokea mara moja tu, 1952, na La Guaira wakachukua ubingwa, hao ambao taji la nyumbani walikuwa hawajaliona tangu 1986. 2025 Mexicali, Escogido walewale wa Pujols wakamfunga Charros de Jalisco wa Meksiko 1-0 fainali.

Kwa saa, ile hesabu yetu inabadilika kulingana na mji mwenyeji. Miami Februari unaongeza 2, mechi ya 8:00 ni saa kumi alfajiri. Caracas unaongeza 1 kama Santo Domingo. Guadalajara 3. Mexicali unaongeza 5, mechi ya 7:00 usiku wao inakukuta saa kumi na mbili asubuhi unakunywa chai. Siku moja kuna mechi mbili mpaka tatu, kwahiyo ya kwanza ya siku mara nyingi inaangukia jioni yetu au usiku wa mapema, na hiyo ndo siku ya kumuita rafiki ambaye hajawahi kuona besiboli, mkae na video mbele yenu kwa bando ulilojiwekea, mweleze tu kitu kimoja, kwamba mrushaji na mpigaji wanadanganyana, mengine ataona mwenyewe.

Fainali ikiisha, warushaji na wadakaji wa MLB wanaripoti kambini siku chache tu baadae, kwahiyo hata hiyo mapumziko yenyewe huipati. Kabla hujalala asubuhi ile, fungua kalenda ya simu weka ukumbusho tarehe 10 Oktoba, "ratiba ya LIDOM imetoka, angalia", na uandike kwenye jalada la daftari timu yako ilimaliza ya ngapi.